Redio ya valvu ya kabati la mbao: inavuma, imekaa kimya, inakwaruza, anzia hapa

Umepata redio ya zamani ya mbao yenye valvu ndani (zile chupa za kioo zinazowaka kama taa), ilikuwa stoo miaka na miaka na sasa iko mezani kwako, na najua mkono unawasha kuchomeka plagi uone kama bado iko hai. Usichomeke kwanza. Nasema hivi kwa uchungu kabisa maana nimeshapokea redio ambazo zilikuwa nzima mpaka siku mwenyewe alipoijaribu, ikawaka, ikaimba dakika 5, alafu moshi. Na kilichoungua ni transfoma ambayo kuipata tena ni shughuli, wakati aliyesababisha ni kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme) moja ya karatasi ambayo ndo kitu rahisi kuliko vyote humo ndani.

Watu wengi wakiona redio ya valvu haisemi wanakimbilia valvu, wanahangaika kutafuta mpya, wanaweka, na tatizo liko palepale au valvu mpya nayo inakufa. Mara nyingi valvu hazina kosa. Valvu ikikaa tu kwenye boksi haizeeki, lakini kapasita inazeeka hata ikiwa imelala: zile za karatasi na nta zinavuta unyevu zinaanza kuvujisha umeme, na zile za elektroliti zikikaa muda mrefu bila volti utando wake wa ndani unaharibika na maji yake yanakauka. Kwa hiyo shuku kapasita kwanza, rezista (vile vifaa vya kupunguza mkondo) pili, miguso michafu tatu, valvu ndo ije mwisho.

Kabla ya umeme kuingia

Humu ndani zinaweza kuwemo volti 250 hadi 300 za DC na hazitoki ukishazima, zinabaki kwenye kapasita kubwa zinakusubiri. Zima, chomoa plagi, alafu toa chaji kwa rezista ya 10 kΩ ya wati 5 kati ya plasi ya kapasita na chasisi (bati la chuma linalobeba vifaa vyote), shika kwa sekunde kadhaa, pima na multimita uhakikishe imefika karibu na sifuri. Usifanye kwa bisibisi tupu, ile cheche inaumiza kapasita na inakushtua unaangusha vitu. Ukipima redio ikiwa inawaka tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni.

Alafu jua kama yako ina transfoma ya umeme au haina. Zile zisizo na transfoma, mfano za Kimarekani zenye valvu 5 kama 12BE6, 12BA6, 12AV6, 50C5 na 35W4, au za Ulaya zenye majina yanayoanza na U kama UCH81 na UCL82, hita zote (nyuzi zinazopasha valvu joto) zimeungwa kwa mstari na chasisi imegusana na waya mmoja wa ukutani. Maana yake ukichomeka plagi upande usiofaa chasisi nzima ina umeme wa ukuta, na hata skrubu ndogo ya kwenye kitufe cha voliumu inaweza kukupiga shoti. Redio za aina hii mi siziwashi mezani nikiwa nimezifungua bila transfoma ya kutenganisha (inayoitenga redio na umeme wa ukutani), na nakuomba na wewe usifanye.

Waya wa umeme ukiwa wa mpira uliopasuka tupa weka mpya. Angalia na waya za ndani, redio nyingi za miaka ya 1940 zina waya za mpira ambazo ukizikunja kidogo ganda linamomonyoka kama biskuti. Angalia kichaguzi cha volti nyuma, wengine walikiacha kwenye 110 na wewe ukuta wako ni 230. Kama kina 220 na 240 na umeme wako ni 230, weka 240, redio itapumua vizuri zaidi. Na ukiona karatasi ya kijivu-nyeupe yenye nyuzinyuzi imegongomelewa ndani ya kabati juu ya valvu, usiikwangue wala kuipuliza vumbi, baadhi zilikuwa asbesto.

Kapasita zilizounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, kati ya waya mbili au kutoka waya kwenda chasisi, badilisha bila kuuliza. Kati ya waya mbili weka aina ya X2, kwenda chasisi weka Y2. Hizo zimetengenezwa zikifa zisiunguze nyumba wala zisiache chasisi ikiwa na umeme.

Balbu ya mfululizo

Chukua balbu ya zamani ya waya, ile inayotoa joto, wati 60 hivi, iunge kwenye waya mmoja wa umeme kabla ya kufika kwenye redio, yani umeme upite kwenye balbu ndo uingie redioni. Ya LED haifai kabisa kwa kazi hii. Kukiwa na shoti ndani balbu inawaka kwa nguvu zote na redio haiungui. Kukiwa salama, kwenye redio ya transfoma, balbu inawaka kidogo mwanzo alafu inafifia. Zile za hita za mstari balbu haifi kabisa kwa sababu hita zenyewe zinavuta umeme muda wote, kwa hiyo usiogope ukiiona na wekundu kiasi.

Ikiwaka kwa nguvu na redio yako ni ya transfoma, chomoa valvu ya rektifaya, ile inayogeuza AC kuwa DC (EZ80, 5Y3 au mwenzake), ujaribu tena. Ikafifia, basi shoti iko baada ya rektifaya, karibu kila mara ni elektroliti ya kwanza, au ni rektifaya yenyewe. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, chomoa valvu zote na balbu ya daili (kioo cha namba za stesheni). Bado? Hapo kwa huzuni ni transfoma imeshoti ndani au waya zimegusana kwenye swichi, anza na waya uombe iwe hizo.

Redio imekufa kabisa, hamna hata mwanga

Plagi, fyuzi, swichi ya kwenye voliumu, kwa mpangilio huo. Zile za hita za mstari, hita moja ikikatika valvu zote zinazima, kama taa za mapambo. Zitoe moja moja upime hita kwa omu. Valvu za pini 9 za familia ya EL84 na ECH81 hita iko pini 4 na 5, zile ndogo za pini 7 kama 12BE6 na 50C5 ni 3 na 4, za okto (pini 8) nyingi ni 2 na 7 ila 12SQ7 ni 7 na 8. Hesabu pini ukiangalia kwa chini, kuzunguka kama mshale wa saa kuanzia penye pengo. Ikisoma omu chache au makumi kadhaa hita nzima, isiposoma kitu imekatika.

Kwenye hizi za Kimarekani kuna jambo watu hawalijui: balbu ya daili imeungwa kwenye kipande cha hita ya rektifaya, 35Z5 au 35W4. Balbu ikiungua redio inaendelea kuimba, lakini kile kipande cha hita kinabeba mzigo wote peke yake na baada ya muda rektifaya inakatika. Kwa hiyo balbu ya daili hapo si pambo, ikizima ibadilishe siku hiyohiyo.

Angalia na ule utando unaong'aa kwenye kioo cha valvu. Ukiwa wa fedha au mweusi unaong'aa, sawa. Ukiwa mweupe kama maziwa hewa imeshaingia na valvu hiyo haifufuki. Na usifute maandishi ya kwenye kioo kwa kitambaa, yanafutika kwa kugusa tu alafu hujui tena ni valvu gani.

Inavuma

Kuna mivumo ya aina tatu, na ukiisikiliza vizuri inakwambia yenyewe ilipo.

Voliumu iko sifuri na bado mvumo mkubwa: elektroliti za filta, zile kubwa zinazolainisha umeme wa DC, zimechoka. Usiunganishe mpya juu ya mbovu ukaacha ile ya zamani hewani, mbovu inaweza kuwa inavuja inachemka na kupasuka. Ikate waya zake, kopo lake unaweza kuliacha juu ya chasisi kwa sura, mpya uzifiche chini. Volti 450. Na usijidanganye kuwa kubwa zaidi ni bora, kapasita ya kwanza baada ya rektifaya ya valvu ina kikomo, EZ80 kwa mfano inaishia 50 µF, ukiweka 220 rektifaya inapigwa na mkondo mkubwa kila ikichaji na maisha yake yanakuwa mafupi. Weka ile thamani ya zamani au inayoikaribia, palipoandikwa 50 weka 47.

Mvumo unapanda na kushuka na voliumu: tatizo liko kabla ya voliumu au palepale, mara nyingi waya wenye shildi umeachia chasisi, au valvu ya sauti ya kwanza hita yake inavujisha kwenda kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni). Hapa ndo mara chache valvu kweli ina kosa, jaribu nyingine.

Mvumo unakuja ukishika stesheni tu, ukihama unaondoka: ile kapasita ndogo ya umeme wa ukutani kwenda chasisi au kwenye anodi (sehemu inayopokea elektroni) ya rektifaya imekufa. Kama uliibadilisha mwanzo kama nilivyosema hili hutaliona.

Sauti inakoroma, na valvu ya mwisho ina moto kupita kiasi

Hapa nakaa kidogo maana ndo ugonjwa unaoua redio nyingi kuliko mengine yote.

Kati ya anodi ya valvu ya sauti ya kwanza na gridi (wavu unaodhibiti mkondo) ya valvu ya mwisho, ile inayosukuma spika, kuna kapasita moja, mara nyingi 10 nF au 20 nF. Upande mmoja ina volti kama 100 za DC, upande mwingine inatakiwa isipitishe DC hata kidogo, ipitishe sauti tu. Ikianza kuvuja, hata kidogo sana, gridi inapata volti za plasi, valvu ya mwisho inafunguka inavuta mkondo mwingi kuliko ilivyopangiwa, inachemka, inavuta rektifaya nayo ichemke, transfoma ya spika inapitisha mkondo ambao waya wake mwembamba hauwezi, na siku moja unakatika. Mwenye redio anachosikia ni sauti imekuwa nzito yenye kukoroma, hasa baada ya dakika 20 redio ikishapata joto, na anafikiri spika imechoka.

Kupima ni rahisi. Multimita kwenye DC, mweusi kwenye chasisi (zile za chasisi yenye umeme, kwenye minasi ya B+, ile volti kubwa ya DC), mwekundu kwenye gridi ya valvu ya mwisho. EL84 ni pini 2, 6V6 na 50L6 pini 5, 50C5 pini 2 au 5. Isome sifuri, au hasi kwa redio ambazo bayasi yake (volti hasi ya kuituliza valvu) inatoka kwenye rezista ya upande wa minasi. Ikisoma plasi, hata volti 1, zima. Kata mguu mmoja wa ile kapasita upime tena: plasi ikiondoka mkosaji ni kapasita, plasi ikibaki ni valvu yenyewe ina gesi ndani. Mtu asikwambie "volti 1 si kitu", kwenye gridi volti 1 ni kubwa.

Alafu pima na kathodi. EL84 yenye volti 250 hivi kathodi inakaa karibu na volti 7. Ukikuta 11 au 12 kwenye rezista ileile basi mkondo umepanda sana. Gawa volti kwa omu za rezista ya kathodi utapata mkondo, mfano volti 7.3 kwa omu 135 ni miliampea 54, hiyo ni anodi na skrini (gridi ya pili) pamoja na ndo kawaida yake. Ila pima na rezista yenyewe kwanza redio ikiwa imezimwa, maana nayo huwa inaungua ikabadilika thamani, na ile elektroliti ndogo iliyo sambamba nayo ibadilishe tu, ikikauka sauti inakuwa nyembamba.

Mi kwenye redio yoyote nisiyoijua hii kapasita naibadilisha kabla hata ya kuwasha mara ya kwanza. Naweka ya plastiki, polipropilini au poliesta, volti 630. Kuna redio moja niliipokea ilikuwa imeshawekewa EL84 mpya mara 2 na mtu aliyenitangulia, zote zimepikwa, na ile kapasita ya nta imekaa palepale imetoa jasho la nta mpaka kwenye soketi, hakuna aliyeigusa. Ilinisikitisha sana maana transfoma ya spika ilikuwa imeshakatika.

Zingine za karatasi fuata baadaye, moja moja. Piga picha kabla, badilisha moja, washa, sikiliza, nenda nyingine. Ukibadilisha 12 kwa mkupuo na redio ikagoma hujui ni ipi uliyokosea. Thamani za zamani hazifanani na za sasa na wala haisumbui: 0.02 µF weka 0.022, 0.05 µF weka 0.047. Za maika na za seramiki ziache, hazina shida isipokuwa pale nitakapokwambia mbele.

Valvu zinawaka, spika kimya kabisa

Kimya cha kaburi, hata mvumo mdogo hamna, basi anza kwenye spika. Omu za spika zinasoma chache, 3 hadi 5 hivi. Transfoma ya spika upande wa valvu inasoma mamia ya omu. Isiposoma imekatika, na dalili yake nyingine ni kwamba anodi ya valvu ya mwisho haina volti lakini skrini inayo, na ukizima taa ya chumba unaona waya za ndani ya valvu zimekuwa nyekundu. Zima haraka. Transfoma mpya itafute kwa impidensi: EL84 inataka kama 5 kΩ, 50L6 kama 2 kΩ.

Usiwashe redio ya valvu bila spika kuungwa, na zile za zamani zaidi ambazo spika yake ina koili ya sumaku inayofanya pia kazi ya kuchuja umeme, ukichomoa plagi ya spika volti kubwa haifiki popote na kapasita ya kwanza inapandishiwa volti kupita uwezo wake.

Kama kuna kamvumo kidogo, yani upande wa mwisho uko hai, shika bisibisi yenye mpini wa plastiki, gusa kwa ncha mguu wa katikati wa voliumu (voliumu ikiwa juu, na redio iwe ya transfoma au iko kwenye transfoma ya kutenganisha). Ukisikia mngurumo mkubwa, kuanzia voliumu hadi spika pazima, tatizo liko upande wa kupokea stesheni. Usiposikia, tatizo ni la sauti: pima volti ya anodi ya valvu ya sauti ya kwanza, ikiwa karibu sifuri rezista yake ya anodi imekatika. Ni ya kiloomu mia kadhaa, na hizi za kaboni tabia yao ni kupanda thamani taratibu miaka yote mpaka siku zinafika mwisho. Rezista yoyote iliyopanda zaidi ya asilimia 20 mi natoa.

Sauti ipo ila hamna stesheni, au bendi moja tu imekufa

Bendi moja imekufa na nyingine zinafanya kazi: swichi ya bendi. Miguso yake ya fedha inakuwa myeusi. Nyunyiza kidogo dawa ya kusafishia miguso ya umeme, geuza swichi mara 20, 30. Usimwage, ikilowa bakelaiti inaanza kuvujisha. Na usitumie mafuta ya kulainisha bawaba za mlango, yanaacha utelezi unaoshika vumbi.

Bendi zote kimya, shuku osileta, sehemu inayotengeneza wimbi la ndani la redio. Kuna njia nzuri ya kuijua bila mashine: chukua redio nyingine ndogo ya MW (mawimbi ya kati) weka karibu. Redio ya mbao iweke kwenye 600 kHz, alafu ile ndogo itafute kwenye 1055, kwa sababu nyingi zina IF (masafa ya ndani ambayo kila stesheni hugeuzwa kwanza) ya 455 na osileta inatembea juu ya stesheni kwa kiasi hicho hicho. Ukifika pale unasikia redio ndogo inanyamaza ghafla au inapiga filimbi, na ukigeuza kitufe cha redio ya mbao filimbi inahama. Osileta iko hai. Kama hamna kitu, pima volti za valvu ya kwanza (ECH81, 12BE6), rezista zake, na hapa valvu kuchoka ni jambo la kweli, osileta ndo inaacha kufanya kazi mapema valvu ikizeeka.

Ila kabla hujafungua chochote jiulize kama hewani kuna kitu. Nchi nyingi zimezima mitambo ya MW, kwa hiyo redio inaweza kuwa nzima na daili ni jangwa. Jaribu usiku, mawimbi ya MW usiku yanafika mbali zaidi. Zima chaja za simu na taa za LED za karibu, kelele zake zinafunika stesheni dhaifu zote. Na redio za Kijerumani za miaka ya 1950 FM yake inaishia 100 MHz, stesheni zako zikiwa juu ya hapo hutazipata hata ufanyeje na si kosa la redio.

Skrubu za kopo za IF usiziguse. Najua zinavutia, lakini aliyezigeuza bila jenereta ya signali (mashine inayotoa mawimbi ya kupimia) anaharibu kilichokuwa sawa, na kokwa zake za feraiti zinapasuka ndani ukizilazimisha kwa bisibisi ya chuma.

Inakwaruza

Ukigeuza voliumu tu: dawa ya miguso, zungusha mara nyingi, kwisha.

Ukigeuza daili, na mahali palepale kila mara: bapa za kapasita ya kutafutia stesheni zinagusana. Angalia kwa tochi, nyoosha bapa la pembeni kwa kisu cha plastiki taratibu sana, kidogo tu.

Ukigonga kabati: valvu kwenye soketi. Itoe uirudishe mara kadhaa, safisha pini. Ikiendelea gonga valvu moja moja kwa penseli utamjua.

Inakwaruza yenyewe bila kuguswa, kama radi ya mbali, hata bila antena, inaondoka inarudi: hii inawachosha sana watu. Redio za Kimarekani za baada ya vita zenye kopo ndogo za IF, kapasita zake za maika ziko ndani chini ya kopo, na fedha iliyopakwa juu yake inatambaa taratibu kwa sababu ya volti ya DC mpaka inaanza kutoa cheche. Ukipima volti ya anodi ya valvu ya IF unaona inaruka kila inapokwaruza. Hamna dawa ya kunyunyiza. Fungua kopo, ondoa lile bapa la maika, weka kapasita za nje za pikofaradi mia hivi, na hapo ndo kurekebisha IF kunakuwa lazima.

Inapiga kelele kama mluzi au inapiga puf-puf-puf kama injini ya boti: elektroliti au kapasita ndogo za kwenye skrini na B+ zimekauka, au mtu alitoa kikofia cha chuma cha valvu hakukirudisha.

Jicho la kijani halioneshi

EM34, EM80 na wenzake, zile valvu za kuonesha kama stesheni imeshikwa vizuri, wanafifia kwa sababu ung'avu wao unaliwa na saa za kazi, hilo si tatizo la kurekebisha. Ila kabla hujakata tamaa pima rezista ya kwenye anodi ya jicho, nyingi ni ya megaomu 1 hivi, ikipanda jicho linaganda hata kama mwanga wake bado mzuri.

Mbao, kioo na kitambaa

Kioo cha daili: usifute upande wa nyuma. Usifute hata kwa maji. Maandishi yamechapwa upande huo na mengi yanatoka na kitambaa cha kwanza chenye unyevu, na majina ya miji ya daili yakifutika umepoteza sura ya redio. Vumbi toa kwa brashi laini, basi.

Kabati lioshe kwa kitambaa kilichokamuliwa chenye sabuni laini, wakati mwingine chini ya uchafu wa moshi na vidole unakuta vanishi nzima inang'aa na huna haja ya kuitoa. Ukitaka kujua ni aina gani, dondoshea spiriti sehemu iliyojificha: ikilainika ni shelaki, ikigoma jaribu thina, ikilainika ni laka ya nitro. Ukijua aina unaweza kuilainisha na kuisambaza upya bila kuikwangua. Ukiamua kupiga msasa piga kwa mkono kufuata nyuzi za mbao, vinia ya juu ni nyembamba chini ya milimita 1, mashine inaitoboa kabla hujastuka.

Vinia iliyobanduka pembeni, ingiza gundi ya mbao kwa sindano, weka karatasi ya nta, bana kwa ubao na klampu usiku mzima. Vitobo vidogo vyenye unga mpya chini yake maana yake wadudu wapo, tibu kabati likiwa tupu chasisi imetolewa. Kitambaa cha spika kilicholegea usikivute kwa nguvu, nyuzi zinakatika kama majani makavu. Koni ya spika iliyochanika inazibika kwa karatasi nyembamba sana na gundi inayobaki laini kama mpira, gundi ngumu inatengeneza mtetemo mbaya kwenye sauti. Kamba ya daili ikikatika, chora njia yake kabla ya kuitoa iliyobaki, mizunguko kwenye pipa ukiikosea mshale unatembea kinyume.

Kuiwasha kikamilifu

Sasa toa balbu ya mfululizo. Mara ya kwanza dakika 10 uko pembeni yake, pua na masikio kazini. Zima, chomoa, gusa transfoma: vuguvugu sawa, ukishindwa kuishika kuna kitu bado kinavuta sana, rudi kwenye gridi ya valvu ya mwisho. Alafu saa 1, alafu jioni nzima, na funika mgongo wake lakini usizibe matundu ya hewa. Nikimaliza naandika volti nilizopima, B+, kathodi ya mwisho, gridi, na tarehe, kwenye kikaratasi nakibandika ndani ya kifuniko cha nyuma, fundi mwingine akija kuifungua ana pa kuanzia.